Jibu: Kusema "nataka" kwa Kikorea

Ndugu, umeuliza kwa nini mwalimu alikusahihisha uliposema 동생이 한국에 가고 싶어요 (dongsaengi hanguge gago sipeoyo), ukikusudia "mdogo wangu anataka kwenda Korea". Kitenzi umekipanga vizuri. Shida ni nani anayetaka.

Neno 싶다 (sipda) hutaja hali ya moyoni. Ya moyoni mwako unayajua, basi 가고 싶어요 inatosha kwa "nataka kwenda", na kwa kumuuliza uliye naye. Ya moyoni mwa mtu mwingine huyaoni, unaona dalili tu. Ndiyo maana kwa mdogo wako unaongeza kitenzi 하다 (hada, "kufanya"): 가고 싶어 해요 (gago sipeo haeyo), yaani anaonyesha hamu ya kwenda. Mimi hapa ndipo nilipoanza kukipenda Kikorea.

Halafu, usikimbilie 원해요 (wonhaeyo) kila unapotaka kitu. Ni sahihi, ila kwenye maongezi ya kawaida linasikika zito. Kitu unachotamani kuwa nacho, sema 갖고 싶어요 (gatgo sipeoyo). Mkahawani sema 물 좀 주세요 (mul jom juseyo), kama sisi tunavyosema "naomba maji" na si "nataka maji". Mkubwa wako muulize 뭐 드시고 싶으세요? (mwo deusigo sipeuseyo), yaani "ungependa kula nini?", kwa kitenzi cha heshima cha kula.

Na ukiambiwa 보고 싶어요 (bogo sipeoyo), neno kwa neno ni "nataka kukuona", lakini mara nyingi mtu anakwambia amekukumbuka sana.