Nilifunga mdomo, kumbe mlango uliokuwa wazi ni pua

Juzi usiku kuna dada kanitumia meseji ndefu nikaisoma mara tatu. Msimu wa chavua, ule unga wa maua, umeanza, macho yamevimba, hapati usingizi, na kuna mtu kamwambia aache vidonge vya aleji kwa sababu "vinafunika tatizo tu", halafu kampa karatasi ya vyakula vya kuacha, kurasa mbili, na makopo manne ya virutubisho. Anauliza, dada wewe si ulipitia haya, nifanyeje? Nikaanza kumjibu kwa sentensi mbili, nikajikuta nimefika ya ishirini na mkono unatetemeka kwa hasira ambayo nilidhani ilishaisha. Basi bora niiandike hapa mzima mzima.

Mafua ya chavua ninayo tangu sekondari. Miti ikianza kuchanua pua inanikumbusha, nyasi zikifuata ndio kabisaa. Chafya zangu huwa nazihesabu, rekodi ni kumi na moja mfululizo. Miaka yote nilikuwa nameza kidonge cha kulaza, napitisha siku kama mtu aliyechotwa akili, maisha yanaenda. Mpaka siku ya kuwasilisha ule mradi. Najua nyie mnaonisoma ni watu wa kazi kama mimi, mnajua maana ya kuandaa kitu miezi mitano. Slaidi ya nne tu, chafya ya kwanza. Ya sita nikashindwa kuendelea, ya nane tone la kamasi likadondoka juu ya karatasi zangu, mbele ya wakubwa wote, na mmoja wao akanisogezea boksi la tishu bila kuniangalia usoni. Hilo boksi sijalisahau.

Usiku huohuo nikaingia mtandaoni na ndipo nilipokutana na tiba ya kutafuta mzizi, ile iliyosambaa toka Marekani, ambako Jeffrey Bland na wenzake walianzisha Institute for Functional Medicine mwaka 1991. Wanachosema kinavutia: usiulize dawa gani, uliza kwa nini. Na kuna hadithi yao ya ndoo. Kwamba mwili wako una ndoo ya histamini, ile kemikali ya mwili inayoleta chafya na muwasho, chavua inamwaga humo, chakula kinamwaga, usingizi mbovu, mawazo, utumbo usio sawa, vyote vinamwaga, siku ikifurika ndio unapiga chafya. Niliposikia hivyo nilipiga paja. Mtu wa kwanza aliyenieleza ugonjwa wangu nikauelewa!

Nisiwe mchoyo, sehemu ya hayo ni kweli tupu. Histamini sio kitu cha kubuni, Henry Dale na Patrick Laidlaw walishaeleza inavyofanya kazi mwilini tangu 1910. Inakaa ndani ya seli za masti, seli za kinga zilizopo puani na kwenye ngozi, na kwa mtu mwenye aleji hizo seli zimebandikwa kingamwili za IgE zinazoisubiri chavua kama mlinzi mwenye picha ya mwizi mkononi. Chavua ikigusa, seli inamwaga histamini, mishipa midogo inavuja, neva zinawasha, pua inageuka bomba. Na kwenye chakula ipo pia, jibini lililokomaa, mvinyo, samaki wa kopo, vitu vilivyochachushwa. Samaki aliyekaa vibaya anaweza kujaza histamini mpaka mlaji akawa mwekundu uso mzima na kichwa kikampasuka, na hata umpike vipi haitoki. Utumbo una kimeng'enya kinaitwa DAO cha kuivunja, na pombe inakipunguza kasi.

Sasa tatizo liko hapa na mimi nililikosa miaka miwili: histamini uliyoila na histamini ambayo seli zako zenyewe zinaimwaga palepale puani ni mambo mawili. Hata ukila maji matupu, chavua ikifika puani seli zitamwaga tu. Mimi nikafunga mdomo, kumbe mlango uliokuwa wazi ni pua.

Nikapata mtaalamu wa tiba hiyo, nikalipia kipimo cha damu cha "vyakula vinavyokudhuru", kile cha IgG, kingamwili nyingine tofauti na IgE. Majibu yakaja kwa rangi, vyakula ishirini na tatu vyekundu, karibu vyote ni vile nilivyokuwa nakula kila siku. Baadaye ndio nikaelewa kwa nini! IgG kwa kawaida inaonyesha tu kwamba mwili umeshakutana na hicho chakula, ndio maana jumuiya za madaktari wa aleji, Ulaya na Marekani, zinakataa isitumike kutafuta aleji. Ukipima chakula unachokipenda kitatoka chekundu, sasa hapo umegundua nini?

Miezi iliyofuata sitawachosha. Nilikonda, nilikaa kwenye sherehe za watu na glasi ya maji, nilimeza kwersetini, kirutubisho kinachotoka kwenye mimea, asubuhi na jioni (maabara inatuliza seli za masti vizuri tu, ila ndani ya mwili hainyonywi kirahisi na ushahidi kwa binadamu bado mdogo). Msimu wa kwanza ulikuwa afadhali kidogo nikajisifu kila mahali, nikawahubiria hadi wafanyakazi wenzangu. Leo nadhani mwaka ule chavua ilikuwa chache tu.

Msimu wa pili, vidonge nimeacha kabisa kama nilivyoelekezwa, nikaanza kukohoa usiku. Halafu kifua kikaanza kupiga filimbi. Nikamwandikia yule mtaalamu wangu saa nane usiku, akajibu asubuhi, mistari miwili: mwili unajisafisha, vumilia. Na swali moja, "umekula nyanya?"

Nilikuwa nimekula nyanya. Nusu. Na niliomba msamaha, hebu fikiria, mtu mzima nimekaa kitandani siwezi kumaliza sentensi bila kuvuta pumzi naomba msamaha kwa nusu nyanya. Siku iliyofuata nilipelekwa chumba cha dharura nikawekewa mashine ya kupumulia dawa. Kumbe mafua ya chavua na pumu ni ndugu, mengi yanatembea pamoja, na filimbi kifuani sio kusafishwa kwa mwili, ni njia ya hewa inayobana. Ukiisikia nenda hospitali. Usimwandikie mtu meseji.

Kilichonifungua macho ni kipimo cha ngozi. Nesi kanichorea mistari kwa kalamu kwenye mkono wa ndani, kila mstari tone moja, kisha kadunga kila tone kidogo tu, hata damu haitoki. Tone moja maji ya chumvi. Tone la pili akaniambia kwa utulivu kabisa, "hii ndiyo histamini yenyewe, ya kulinganishia." Nilibaki naitazama. Miaka miwili napigana na kitu hiki na sijawahi kukiona. Baada ya dakika kama kumi na tano pakawa na kivimbe cha rangi ya maji na wekundu pembeni, utadhani mbu. Cha maji ya chumvi, hakuna kitu. Na cha chavua ya nyasi kilikuwa kikubwa kuliko cha histamini, kimetoa na miguu. Nililia pale, nesi akadhani kinawasha.

Sasa nisikilizeni. Sisemi tiba ya mzizi ni takataka. Yule mtaalamu alinisikiliza saa moja na nusu mara ya kwanza, na kabla yake hakuna aliyenipa zaidi ya dakika tano, ndio maana tunawakimbilia. Daftari la dalili walilonianzishia bado ninalo na ndilo lililonionyesha kwamba kwangu mimi, mvinyo wakati wa msimu unaniziba pua usiku uleule. Kwa hiyo nimeacha mvinyo msimu huo. Mvinyo tu! Sio dunia nzima.

Ila dawa ya kupulizia puani yenye steroidi, ya kutuliza uvimbe wa ndani ya pua, ndiyo iliyonirudisha kazini, na mimi niliwahi kuitupa nikisema haifanyi kazi, kumbe nilikuwa naitumia vibaya. Nesi yuleyule alinionyesha: kichwa kiiname mbele kidogo, mkono wa kulia kwa tundu la kushoto na wa kushoto kwa la kulia, ncha ielekee upande wa sikio na sio kwenye ukuta wa katikati, pulizia, vuta pole. Ukivuta kwa nguvu yote inaishia kooni unaimeza. Na haifanyi kazi siku moja, mimi naanza wiki mbili kabla ya msimu, kila siku, hata kama pua iko safi. Kila siku jamani. Usisubiri chafya.

Mengine haraka: vidonge visivyolaza vipo, setirizini kwa wengi, loratadini, vile vya zamani vya kulaza waachie walale. Matone ya kuzibua pua usizidishe siku chache, pua itaziba zaidi ukiyaacha. Kuosha pua kwa maji ya chumvi kunasaidia, lakini maji yaliyochemshwa yakapoa, sio ya bomba moja kwa moja, kuna vijidudu vikipanda puani vinaua. Ukirudi toka nje oga, badili nguo. Na ukitaka mzizi kweli, mzizi wenyewe ni tiba ya kuzoesha mwili, unapewa chavua kidogokidogo miaka mitatu hadi mitano, Leonard Noon alishaiandika tangu 1911 kule London. Mimi niko mwaka wa pili. Mwaka huu wakubwa walewale, ukumbi uleule, slaidi thelathini na mbili, chafya moja.

Dada wa meseji kanijibu leo asubuhi. Karudia vidonge vyake na kapata miadi ya kipimo cha ngozi, nikamkumbusha aulize siku ngapi kabla anatakiwa kuviacha, maana vikiwa mwilini kivimbe hakitoki na majibu yanadanganya. Akauliza kitu kimoja cha mwisho, na nyanya je?

Nimemwambia ale.