Mama aache metformin atumie probayotiki?

Pole dada angu. Nimekuelewa, mama ana sukari aina ya pili, jirani kamwambia vidonge vya probayotiki (bakteria wazuri wa tumboni) vinatoa inflamesheni mwilini, yaani ule uvimbe wa ndani kwa ndani, kwa hiyo aachane na metformin, dawa yake ya sukari. Asiache aisee! Hao bakteria kuna tafiti zinaonyesha wanashusha sukari na hiyo inflamesheni kidogo tu, zingine hazioni kitu, so ni wasaidizi sio dawa.

Mi nina sukari mwaka wa sita, vidonge vya probayotiki sijanunua, nagandisha maziwa yawe mtindi mwenyewe, kikombe kimoja jioni bila sukari. Wiki ya kwanza tumbo lilinguruma kama bodaboda bovu likatulia. Mtindi wa dukani wa ladha ya strawberi soma nyuma ya kopo kwanza, sukari imejaa mle. Ugali apunguze, maharage na mboga za majani aongeze maana ndo chakula cha hao bakteria, na apime HbA1c (kipimo cha damu cha wastani wa sukari ya miezi kama mitatu) kila miezi 3 ndo mtajua kama sukari inashuka kweli.

Ila kama kinga yake iko chini au yuko kwenye dawa za kansa, hivyo vidonge vya probayotiki asiguse bila daktari. Na kidonda mguuni, hata kadogo, hospitali siku hiyohiyo.