Mbwa wa jirani kamng'ata mtoto: usipokee hiyo elfu kumi

Pole sana dada. Mtoto ang'atwe, halafu mwenye mbwa akutupie elfu kumi ya dawa! Kama hamjaosha jeraha, lioshe sasa kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 kamili; mafuta ya taa na pilipili achana navyo. Chanjo ya kichaa cha mbwa ianze leo, msingoje. Mbwa asiuawe: afungwe, aangaliwe siku 10, na akiugua au akifa daktari aambiwe haraka. Polisi chukua PF3, ile fomu ya polisi ya mtu aliyeumizwa, hospitali wataijaza. Tunza risiti zote, hata nauli ya bodaboda iandike, na piga picha geti lao lililoachwa wazi. Mwenye mbwa muite kwa mwenyekiti wa mtaa, makubaliano yaandikwe. Akileta ubishi, fungua madai mahakamani.