Kifo Chenye Jibu: Kwa Wanaoanza Kubuni Michezo Migumu ya Mapigano

Ramani yangu ya kwanza ya mchezo wa video niliichora kwa kufuata vichochoro vya Mkomani, hapa Lamu, na chini ya wikio moja, kile chumba kinachovuka juu ya kichochoro, lenye kiza nikamficha askari mwenye rungu ili ampige mchezaji pindi apitapo. Mpwa wangu, ambaye ndiye niliyempa aujaribu mchezo, alikufa mara sita pale pale, akaiweka padi juu ya mkeka na kuniuliza, "Mjomba, nilitakiwa nifanye nini?" Sikuwa na jibu, na tangu siku ile kila adui ninayemuunda humpima kwa swali hilo kabla ya kumpima kwa jingine lolote.

Anzeni na pigo lenyewe. Pigo lina sehemu tatu: kuinua, kupiga na kurudi. Aliyewahi kusimama duarani kwenye kirumbizi, mchezo wetu wa bakora, anajua kwamba mchezaji hodari haiangalii ncha ya bakora ya mwenzake, bali bega, kwa kuwa bega ndilo linalotangulia kusema. Katika mchezo unaokwenda kwa fremu 60 kwa sekunde, yaani picha 60 zinazofuatana kwenye skrini, kila fremu huchukua takriban milisekunde 17, na mtu wa kawaida huhitaji kama robo sekunde kuona jambo na kulijibu, yaani fremu 15 hivi. Kwa hiyo adui anayeinua silaha kwa fremu 10 tu hampimi mchezaji wepesi wala akili, anamlazimisha abahatishe. Mimi sishuki chini ya 20 kwa adui wa kawaida, na ninapotaka kumfanya awe mgumu zaidi hubadilisha mwendo wa kuinua badala ya kuufupisha. Margit, yule bosi (adui mkuu) wa mwanzoni katika mchezo wa Elden Ring wa mwaka 2022, huinua bakora yake na kuishikilia juu kitambo, na kila aliyebiringika kukwepa mapema kwa woga hupigwa anapoinuka. Huyo amekufa kwa haraka yake, naye anajua.

Sehemu ya kurudi ndiyo wanafunzi wengi huisahau, ingawa ndiyo inayompa mchezaji nafasi ya kujibu. Iunganisheni na pumzi: kushambulia, kukinga na kukwepa vyote vichote katika akiba moja, ili mwenye tamaa ya pigo moja la ziada ajikute hana pumzi ya kukimbia. Ama kumwongezea bosi uhai hadi pigano lichukue dakika kumi, huko ni kuwachosha watu, na sioni haja ya kukujadili.

Kwa upande wa ramani, mwalimu wenu yuko karibu. Tazameni nyumba za kale za mji huu: ukitoka mtaani unaingia dakani, penye baraza za kukalia, kisha njia inakata kona kabla ya kufika uani, hivi kwamba mgeni anahisi kuna nyumba ndani lakini haioni. Chumba cha mapigano kikifanana na daka, mchezaji hupata pahali pa kusimama, kusikiliza na kuamua kabla ya kuingia. Jambo la pili ni njia za mkato. Katika mchezo wa Dark Souls wa mwaka 2011, mchezaji hupanda kwa taabu mitaa yenye maadui hadi kanisani, halafu hukuta lifti inayomteremsha hadi Firelink Shrine, mahali alipoanzia kupanda. Safari ya saa nzima hugeuka kuwa ya dakika moja, na ramani yote hujipanga upya kichwani mwake. Mlango wa namna hiyo ufungukie upande wa ndani, ili aupate aliyekwisha kufika.

Askari wangu wa wikioni sikumwondoa. Nilitundika fanusi nyuma yake, kivuli cha rungu kikaanguka njiani hatua nne kabla ya kumfikia, na nikampa kikohozi kidogo. Mpwa wangu alikufa tena mara mbili, akanung'unika kwamba alikiona kivuli akakipuuza, kisha akapita. Nanyi mnapojaribisha kazi yenu, kaeni nyuma ya mchezaji, msimwelekeze kwa neno wala kidole, na kila anapokufa muulizeni kimemuua nini. Akijibu "sijui" mara mbili mahali pamoja, rudini kwenye fremu zenu.