Koki ya mafuta inayovuja kwenye pikipiki ya zamani: tafuta kwanza inapovujia

Pikipiki ni ya miaka ya 1980, koki imefungwa, gasketi ya kwenye tangi ni mpya, na bado kila asubuhi kuna harufu ya petroli na doa chini ya injini. Mara nyingi kilichobadilishwa siyo kilichokuwa kinavuja. Koki moja ina sehemu nne au tano za kuvujia na kila moja ina mpira wake. Ukishajua ni ipi, kazi inabaki kuwa ya mpira mmoja. Usipojua utanunua koki nzima, na hiyo mpya nayo itaanza kuvuja kwa sababu kutu ya ndani ya tangi bado ipo.

Kabla ya kushika spana, chomoa kijiti cha oili unuse. Kama oili inanuka petroli au imepanda juu ya alama, usiwashe injini. Oili iliyochanganyika na petroli ni nyepesi mno kulinda beringi, na kuna hatari kubwa zaidi ya hiyo: petroli inaweza kuwa imejaa ndani ya silinda. Kimiminika hakibanwi kama hewa, kwa hiyo pistoni ikikisukuma kwa nguvu ya stata, konrodi (fimbo inayoshika pistoni) inapinda. Toa plagi zote, zima swichi, zungusha injini taratibu kwa mkono hadi petroli yote itoke, kisha mwaga oili uweke mpya. Na ujue kwamba hapo una matatizo mawili. Petroli ilipita kwenye koki, halafu ikapita kwenye sindano ya floti ndani ya kabureta, ile inayofunga petroli kabureta ikijaa. Ukitengeneza koki peke yake umeficha tatizo la pili tu.

Sasa tafuta chanzo. Kausha koki yote kwa kitambaa, pulizia unga wa chaki au poda, acha nusu saa. Petroli hushuka, kwa hiyo usiangalie tone linapodondokea; angalia mahali pa juu kabisa ambapo unga umelowa. Kisha chomoa mpira unaoenda kwenye kabureta, elekeza mdomo wa koki kwenye chupa ya kioo, weka OFF, na uache usiku kucha nje au mahali penye hewa. Tone hata moja likikutwa ndani ya chupa, koki inapitisha ndani kwa ndani. Chupa ikiwa kavu na nje pamelowa, ni mpira wa nje.

Pakilowa juu kabisa, koki inapokutana na tangi, usiishie kwenye oringi (mpira wa duara). Angalia boliti. Kwenye matangi mengi matundu ya boliti yametoboka hadi ndani, na kinachozuia petroli isishuke kwenye nyuzi ni washa laini iliyo chini ya kichwa cha boliti. Washa hiyo ikipotea watu huweka ya chuma ya kawaida, kisha wanabadilisha oringi mara tatu bila mafanikio. Tafuta ya nailoni au ya faiba.

Pakilowa kwenye mkono wa koki, yaani kile kishikio unachogeuza, ni oringi ndogo ya shina lake. Hii nayo huchakaa. Pakilowa kwenye kikombe cha chini cha kunasa uchafu, ni oringi ya kikombe, na hapo usikaze kikombe zaidi kwa kuwa utakipasua.

Ikiwa inapitisha hali imefungwa, fungua skrubu mbili za bamba lililoshika mkono. Onyo: skrubu za pikipiki za Kijapani zinafanana na za nyota za kawaida lakini msalaba wake ni tofauti kidogo. Bisibisi ya kawaida huruka na kuzila, kwa hiyo tumia ya JIS (kiwango cha Kijapani). Ndani utakuta springi bapa ya mawimbi, mkono wenyewe, na nyuma yake kisahani cha mpira chenye matundu. Kitoe ukitazame kwenye mwanga. Kikiwa kizima hakina mng'ao na ni laini. Kikichoka kinang'aa, kimekuwa kigumu kama plastiki, na kina mistari ya duara iliyochimbwa na mkono, mara nyingine na chembe ya kutu imekaa ndani ya mstari. Kukigeuza upande wa pili husaidia kwa muda mfupi, lakini si matengenezo. Weka kipya, na angalia uso wa chuma unaokisugua: ukiwa na mikwaruzo, laza msasa namba 1000 juu ya kioo bapa, tia oili kidogo, usugue kwa mduara hadi mikwaruzo iishe. Bila hatua hiyo kisahani kipya kitalika haraka. Springi bapa iliyolala nayo haisukumi tena mkono dhidi ya mpira, ibadilishe pamoja.

Koki za vakumu, zenye ON, RES (akiba) na PRI (wazi muda wote) bila OFF, zina mambo yake. Injini ikizimwa koki hujifunga yenyewe: kiwambo cha mpira huvutwa na pumzi ya injini kufungua, na springi hukirudisha. Mpimo ni rahisi. Kwenye ON, injini imezimwa, petroli isitoke. Ukivuta mpira mdogo wa vakumu kwa bomba la sindano (usivute kwa mdomo), petroli itoke, na ukilishikilia bomba palepale, petroli iendelee kutoka. Ikikatika, kiwambo kimetoboka. Dalili ya barabarani ni moshi mweusi na silinda moja inayozidiwa na petroli, ile yenye mpira wa vakumu, kwa kuwa petroli inanyonywa moja kwa moja kuingia injini. Koki nyingi za aina hii zina tundu dogo la kupumulia kati ya viwambo viwili. Petroli ikitoka hapo huna haja ya kupima tena: kiwambo kimetoboka. Usilizibe tundu hilo kamwe.

Lakini ikiwa kiwambo ni kizima na petroli bado inapita, kosa ni oringi ndogo iliyo kwenye ncha ya kisukumio (pini inayosogezwa na kiwambo), au uchafu chini yake. Na kabla ya yote hakikisha hakuna aliyeiacha kwenye PRI, ambayo huwa wazi muda wote. Ukifungua, piga picha kila tabaka, maana kipande cha plastiki kati ya viwambo kikigeuzwa koki haifanyi kazi. Kaza skrubu nne kwa kukingama, kidogo kidogo.

Kuhusu kutoa koki kwenye tangi: fanyia kazi nje, tenganisha waya hasi wa betri, uwe na mtungi wa kuzimia moto karibu. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni hadi ukute moto. Toa petroli yote, laza tangi juu ya blanketi, fungua boliti mbili za M6 (soketi ya 10), kisha vuta koki polepole na wima. Ndani kuna mrija mrefu wa ON na wavu. Ukipindisha unavunjika na rizevu inakufa. Ukikuta unga mwekundu kwenye wavu, safisha tangi kwanza.

Dawa ya kusafishia kabureta hula mpira, kwa hiyo toa mipira yote kabla ya kuipulizia. Kwa oringi za badala, chagua za Viton (aina ya mpira) kama petroli yako ina ethanoli, na pima mfereji: wenye kina cha mm 1.5 unataka oringi ya unene wa mm 2, ili ibanwe takriban robo. Pakaa tone la oili ya injini kwenye oringi ya mkono. Silikoni ya gasketi isiguse kazi hii. Petroli huivimbisha, huimenya vipande, na vipande hivyo utavikuta kwenye jeti (vitundu vya kabureta). Tepu ya mabomba vilevile.

Boliti za M6 zinatosha kwa Nm 7 hadi 9. Nyuzi za tangi zikiliwa ni kazi ya kuchomelea. Tia lita moja tu ya petroli, chukua kitambaa kikavu, pima tena kwa chaki katika kila nafasi ya mkono, kisha rudia chupa ya usiku. Chupa ikibaki kavu, badilisha mipira ya mafuta pia kama imepasuka mwishoni: kata mpya bila kuinyoosha, na iwe na klipu pande zote mbili.