Askrimu kwa hapa Tabora

Dada, umeuliza ukija Tabora ule askrimu ya ladha gani na ya kampuni gani. Za dukani utakazokutana nazo sana ni Azam, na hapo mimi ni vanila tu, stroberi nawaachia watoto. Ila ya kampuni yoyote ile, fungua uangalie kabla hujaondoka dukani. Umeme ukikatika inayeyuka, ukirudi inaganda upya, na maji yanajikusanya kuwa chenga za barafu. Ukiziona, rudisha.

Ukinibana nichague moja, basi ni ya kutengeneza nyumbani: embe bivu lisilo na nyuzi, maziwa mazito, na asali ya hapa hapa badala ya sukari. Asali haiachi mchanganyiko ukakauka kama jiwe, kijiko kinazama vizuri. Ile iliyorinwa kienyeji ina kaharufu ka moshi. Wengi hawaitaki, mimi ndiyo naifuata. Usizidishe lakini, haitaganda, utaishia kunywa uji wa embe.

Lambalamba za ubuyu nazo nazila, jua la Oktoba huku si la mchezo.