Betri Yangu Hulala Ndani: Kuendesha Baiskeli ya Umeme Wakati wa Barafu

Betri yangu ya kwanza niliiua kwa mikono yangu, na niliiua kwa kuichaji. Ilikuwa katikati ya majira ya baridi, nyuzi 12 chini ya sifuri, na baiskeli ilikuwa ikilala kwenye banda la nje. Nikirudi jioni nachomeka chaja, taa nyekundu inawaka, naingia ndani. Asubuhi naikuta taa ya kijani, naondoka zangu nikiwa na furaha. Nilifanya hivyo wiki saba nzima bila kujua kwamba kila usiku nilikuwa nakata kipande cha uhai wa kifaa cha bei kubwa kuliko vyote kwenye baiskeli. Theluji ilipoyeyuka nikangoja kilomita zangu zirudi. Hazikurudi. Betri iliyokuwa ikinifikisha kilomita 60 ilianza kukata roho kwenye 35.

Fundi niliyempelekea aliniuliza swali moja tu: “Unachajia wapi?” Nilipomjibu, akatikisa kichwa.

Maelezo aliyonipa sijayasahau. Betri hizi za lithiamu zina upande mmoja uliotengenezwa kwa grafiti, dutu ileile iliyo kwenye ncha ya penseli. Unapochaji, chembe za lithiamu husafiri na kujipenyeza katikati ya matabaka ya grafiti, zikatulia humo. Kukiwa na baridi ya kugandisha, chembe hizo huenda polepole mno. Chaja inaendelea kusukuma nyingine nyuma yake, na zinazokosa nafasi ya kuingia hubaki juu juu, zinageuka kuwa utando wa metali. Sehemu kubwa ya metali hiyo hairudi tena kufanya kazi. Mbaya zaidi, inaweza kuota kama sindano ndani ya seli na kuleta shoti. Betri zenye kidhibiti kizuri hukataa kuchajiwa zikiwa chini ya nyuzi sifuri, kwa hiyo chaja yako ikigoma usidhani imeharibika. Yangu haikuwa na ulinzi huo, na mimi sikuwa na habari.

Hapa watu wengi huchanganya mambo mawili, nami nilikuwa mmoja wao. Kutumia betri kwenye baridi si sawa na kuichaji kwenye baridi. Ukiitumia, inapoteza nguvu kwa muda tu. Ikipata joto, nguvu inarudi yote. Watengenezaji wengi huruhusu kuendesha hadi nyuzi 10 au hata 20 chini ya sifuri. Kuchaji chini ya sifuri ndiko kunakoacha jeraha la kudumu. Ukisahau mengine yote niliyoandika hapa, shika hili.

Kwa hiyo betri yangu ya sasa hulala ndani. Nikifika nyumbani, kabla sijavua hata koti, naichomoa na kuiweka juu ya taulo sakafuni, mbali na kipasha joto. Baada ya dakika chache inaanza kutoa jasho: unyevu wa hewa ya ndani unageuka matone juu ya ganda lake la baridi kama vile glasi ya maji baridi inavyolowa siku ya joto. Naifuta, naangalia na zile meno za shaba zinazoshikana na baiskeli, kisha naiacha. Saa mbili hivi baadaye, nikiigusa na kuona haina tena ule ubaridi wa chuma, ndipo nachomeka chaja. Siku hizi napenda hata kupanga muda ili chaji iishe karibu na saa ya kuondoka, kwa sababu betri iliyotoka kuchajiwa huwa na uvuguvugu wake. Inakuwa kitu cha mwisho kufungwa kwenye baiskeli, na nikishaifunga naondoka papo hapo. Safarini yenyewe hujipasha kidogo kadiri inavyotoa umeme, na kifuniko cha neoprini, ile mpira laini ya nguo za wapiga mbizi, huzuia upepo usiuibe uvuguvugu huo. Kazini nafanya vilevile: naichomoa, naipandisha nayo juu. Ni kilo tatu tu.

Kama baiskeli yako ni ya betri isiyochomoka, baiskeli nzima iingie ndani. Na kama huna mpango wa kuendesha hadi baridi iishe, usiiache betri imejaa wala imekauka. Iache karibu na nusu, mahali pakavu pasipoganda, uwe unaichungulia mara moja kwa mwezi.

Sasa umbali. Kwenye nyuzi 10 chini ya sifuri, zile kilomita 60 zangu huwa 40, na kukiwa na theluji mbichi njiani huwa pungufu ya hapo. Lawama si ya betri peke yake. Hewa ya baridi ni nzito, kwenye nyuzi 10 chini ya sifuri inazidi ya nyuzi 20 juu ya sifuri kwa zaidi ya asilimia 10, na wewe ndiye unayeipasua. Grisi kwenye mota na beringi inakuwa ngumu. Tairi za barafu zinakwaruza. Nguo ni nyingi. Yote yanalipwa na betri ileile iliyokwisha kupungukiwa.

Kuna jambo lililonishtua zaidi ya kupungua huko. Jioni moja nilikuwa napanda mlima mfupi kuelekea nyumbani, skrini ikionyesha asilimia 28, nikapandisha mota hadi kiwango cha juu ili niwahi. Nusu ya mlima kila kitu kikazima: mota, skrini, taa ya mbele. Nikabaki gizani na baiskeli ya kilo 25. Kumbe betri ya baridi ukiidai nguvu nyingi kwa mkupuo, volti zake huporomoka, na kidhibiti kinaamini imekwisha. Niliposubiri dakika kadhaa na kuiwasha tena, ikaja, ikasoma asilimia ileile. Tangu siku hiyo, nikiona 30 wakati wa baridi naihesabu kama 10, na milima naipanda kwa kiwango cha chini cha mota na gia nyepesi. Na taa moja ya ziada, yenye betri yake yenyewe, haitoki kwenye hendeli.

Baada ya betri, kinachonipa wasiwasi ni nguvu ya mota yenyewe. Kwenye lami kavu msukumo huo ni raha. Juu ya barafu, gurudumu likipewa nguvu nyingi kuliko linavyoweza kushika, linazunguka bure, na likishaanza kuzunguka linateleza pia kwenda pembeni. Baiskeli zenye mota kwenye gurudumu la mbele ndizo zinazohitaji mkono mwepesi kuliko zote, kwa sababu la nyuma likiteleza bado una nafasi ya kujiokoa, la mbele likiteleza uko chini kabla hujajua. Tena ziko baiskeli ambazo mota huamka pedali zinapozunguka tu, bila kupima umekanyaga kwa nguvu kiasi gani. Hizo hukusukuma kwa kishindo. Zile zinazopima mkandamizo wa mguu hukufuata taratibu, na kama unanunua baiskeli ukijua utaipitisha kwenye barafu, mimi ningechagua hizo bila kusita.

Niliangukia darajani. Barabara nzima ilikuwa na maji tu, haina hata doa la theluji, nami nikiwa na imani kamili. Daraja lina hewa ya baridi juu na chini, halina ardhi ya kulitunzia joto, kwa hiyo huganda mapema kuliko barabara inayolifikia. Barafu yenyewe ilikuwa nyembamba, ya kupenyeza mwanga, ikionyesha lami ileile nyeusi chini yake. Nilikuwa nimekata kona huku nakanyaga. Mota ikasukuma, gurudumu likaondoka, bega likapokea. Ninakumbuka shavu likiwa chini na nikiona, kwa karibu sana, viputo vidogo vya hewa vilivyonaswa ndani ya barafu ile.

Kwa hiyo kwenye madaraja, kwenye vivuli vya majengo na penye vifuniko vya chuma, acha kukanyaga mapema, shikilia usukani ukiwa umenyooka, pita. Kona uimalize kwanza ndipo ukanyage. Breki ishikwe taratibu, ya nyuma zaidi ya ya mbele. Kama baiskeli yako hurudisha umeme kwenye betri unapofunga breki, izime huduma hiyo siku za barafu, maana inaweza kulikamata gurudumu wakati ambao hukutaka.

Na nunua tairi zenye misumari. Sijawahi kutoa pesa nikaridhika namna hii. Vichwa vyake ni vya kabidi ya tangsteni, metali ngumu isiyolika haraka kwenye lami, na sauti yake barabarani ni kama ya mvua ndogo juu ya bati. Kilomita 40 hivi za mwanzo ziendeshe kwa upole kwenye lami, bila breki za ghafla, misumari ikae sawasawa kwenye mpira. Weka magurudumu yote mawili. Uwezo ukiruhusu tairi moja tu, iwe ya mbele. Ila misumari ni ya barafu. Kwenye theluji laini iliyofika kifundo cha mguu haisaidii kitu, huko kinachosaidia ni tairi pana lenye upepo kidogo. Na upepo uupime nje, siyo sebuleni: tairi uliyojaza penye joto itakuwa imelegea ukishafika barabarani.

Matunzo mengine nitayapita haraka. Chumvi inayomwagwa barabarani inakula cheni kwa kasi ya kutisha, basi ifute kila baada ya siku mbili tatu na uipake mafuta mazito ya hali ya unyevu. Ukisafisha baiskeli tumia maji ya uvuguvugu na kitambaa, usiipige bomba la presha, kwa sababu maji yataingia kwenye mota na beringi. Bonyeza breki mara kadhaa kabla ya kuondoka, mafuta yake huwa mazito na diski huwa na utando wa barafu. Tundu la kufuli lielekee chini. Likiganda, kuna dawa ya kuyeyushia yenye spiriti; maji ya moto yatayeyusha, kisha yataganda humohumo. Na baiskeli iliyojaa theluji ukiiingiza ndani kwa saa moja kisha ukaitoa, maji yaliyoyeyuka yanaganda mahali pabaya. Mimi yaliwahi kuganda ndani ya gurudumu la nyuma, kwenye vile vimeno vinavyolia kri-kri-kri ukiacha kukanyaga. Nikakanyaga, pedali zikazunguka bure, baiskeli haiendi. Iache ikauke kabisa, au ibaki baridi ileile.

Mwili nao una hesabu yake, na kwa baiskeli ya umeme hesabu hiyo ni tofauti na ya baiskeli ya kawaida. Mwenye baiskeli ya kawaida anatoka jasho, injini ya joto ni yeye. Wewe mota inakufanyia nusu ya kazi, huku upepo wa mwendo ukikupiga vilevile. Nyuzi 10 chini ya sifuri kwa mwendo wa kilomita 25 kwa saa, ngozi iliyo wazi inahisi kama nyuzi 19 chini ya sifuri. Vaa tabaka, la ndani liwe la sufu au kitambaa kinachoondoa jasho mwilini. Pamba ikilowa haitunzi joto. La nje lizuie upepo. Viatu viwe vikubwa kidogo, maana soksi mbili ndani ya kiatu kinachobana huzuia damu, na vidole vinaganda haraka kuliko ungevaa moja.

Mikono ndiyo iliyonitesa zaidi. Nilijaribu glavu nene, nikashindwa kuhisi breki. Nilijaribu mbili juu ya mbili. Kilichoniokoa ni ile mifuko mikubwa inayofungwa kwenye hendeli, unaingiza mkono mzima ndani na breki ziko humohumo. Ndani yake navaa glavu nyembamba tu. Ukiona kidole au ncha ya sikio imekuwa nyeupe na haina hisia, simama, ingia penye joto. Usiisugue, na usiisugulie theluji kama wazee wengine wanavyoshauri. Iloweke kwenye maji ya uvuguvugu, yasiyo ya moto, na hisia isiporudi nenda hospitali.

Watu huniuliza kama inafaa kuhangaika hivi. Oulu, mji wa kaskazini mwa Ufini, watoto huenda shule kwa baiskeli wakati wa theluji, na mwaka 2013 ulifanyika huko mkutano wa kwanza wa kimataifa wa uendeshaji baiskeli wakati wa baridi. Inawezekana. Lakini mimi mvua inayoganda ikigusa ardhi sitoki, hata na misumari yangu, kwa sababu magari yanayonizunguka hayana misumari.

Siku hizo betri inabaki palepale juu ya taulo. Ina majira manne ya baridi sasa. Juzi niliipima kwenye njia ileile, siku isiyo na upepo, nikafika kilomita 57 kabla taa ya mwisho haijaanza kupepesa.